Elfu Nne hadi Shkodër

Dereva wa furgon, ndiyo matatu ya Albania, aliniambia "katër mijë", elfu nne. Nilishtuka, maana kutoka Tirana, mji mkuu, hadi Shkodër, kaskazini, ni kama kilomita 100 tu. Lakini hesabu za Kialbania nilizisoma majuma mawili, na sikio halikunidanganya. Nikatoa noti nne za lekë 1,000. Akazipokea, akazitia mfukoni, akawasha gari.

Bibi mwenye nyumba niliyofikia alipopata habari alijipiga kifua. Mjukuu wake akanifafanulia kwa Kiingereza: nauli ni lekë 400. Mwaka 1965 sarafu ilibadilishwa, lekë 10 za zamani zikawa 1 mpya, na hadi leo watu hutaja bei kwa zile za zamani, hata vijana. Yule dereva alijua vyema. Nimeibiwa, na sitaupa wizi huo jina jingine. Hela hizo zingenilaza mahali penye maji ya moto, kwani hapo bomba lilitoa vuguvugu dakika mbili, basi.

Chai ya majani ya mlimani ndiyo iliyonituliza. Nikajaribu Kialbania changu, na bibi akaanza kunisahihisha neno kwa neno. Nikisema Shqipëri, jina la nchi yake, yeye Shqipni. Sauti, kwangu zëri, kwake zani. Mchanga, kwangu rëra, kwake rana. Palipokuwa na r yangu, kwake pana n. Nikataja verë nikikusudia divai. Akacheka, kwake hilo ni kiangazi tu, divai ni venë. Kisha akasema me punue, me shkue: kufanya kazi, kwenda. Nikaruka kitini! Ile me yake inakaa pale pale inapokaa ku- yetu, na kitabu changu hakikuwa nayo kabisa.

Mjukuu akaeleza. Kaskazini ya mto Shkumbin husemwa Kigegi, kusini Kitoski. Kongamano la tahajia la Tirana, mwaka 1972, lilipitisha lugha sanifu iliyoegemea Kitoski. Enver Hoxha, mtawala wa wakati huo, alikuwa mtu wa Gjirokastër, kusini. Tirana yenyewe iko upande wa Kigegi. Na kitabu cha zamani kuliko vyote kinachojulikana kuchapishwa kwa Kialbania, cha padri Gjon Buzuku mwaka 1555, ni cha Kigegi.

"Nikiandika kama bibi," akasema, "mwalimu anakata kwa wino mwekundu."

Hapo nikanyamaza. Mimi ni mtoto wa Mombasa. Nyumbani mama aliita "ndoo hapa", tukapita ndia, tukazungumzia nti. Darasani ikawa njoo, njia, nchi, kwa sababu kamati ya lugha ya mwaka 1930 ilijenga usanifu juu ya Kiunguja. Malenga Muyaka alitunga kwa Kimvita chetu, na daftari langu la darasa la tano lilijaa mistari myekundu juu ya maneno yake. Nilimsimulia yule kijana hayo yote. Bibi akataka atafsiriwe, kisha akanishika mkono, hakusema kitu.

Siku mbili zilizofuata nilipanda ngome ya Rozafa, nikaliona ziwa.

Asubuhi ya kuondoka bibi alinisindikiza hadi stendi, akaingiza kichwa dirishani, akauliza nauli mwenyewe.

"Katër mijë," dereva akajibu.

Nikatoa lekë 400.