Nyumba ya Akila katika Mji wa Ugenini

Neno la juma hili: Matendo ya Mitume 18:1–4 na 18:24–28

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Luka anapotutambulisha kwa Akila na mkewe Prisila, haanzi na mahubiri yao wala karama zao, bali anatueleza walikotoka, kilichowaondoa huko na kazi ya mikono yao. Akila alikuwa mzaliwa wa Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alikuwa amehamia Italia, na amri ya Kaisari Klaudio ya kuwafukuza Wayahudi Rumi, ambayo wanahistoria wengi huiweka yapata mwaka 49, ikamsukuma yeye na mkewe hadi Korintho, ambako walishona mahema. Paulo akakaa kwao kwa kuwa ufundi wao ulikuwa mmoja. Basi nyumba ile, kabla ya kuitwa mahali pa huduma, ilikuwa makao ya watu wawili waliokuwa wakitafuta riziki katika mji usio wao.

Habari hii imenijia kwa uzito kwa sababu mtaa wetu hapa Dodoma umekaa mwaka mzima na familia iliyotoka Australia, ambayo baba yake anafundisha katika chuo cha Biblia. Juzi walinionyesha barua yao ya mwaka kwa makanisa yanayowaombea huko kwao. Ni barua nzuri na ya kweli: inataja masomo yaliyofundishwa, semina za vijijini na wanafunzi waliohitimu, kisha mwishoni inagusa maisha ya nyumbani katika aya moja fupi, kana kwamba nyumbani ni mahali pa kupumzikia huduma ikiisha. Ningepewa kalamu, aya ile ndiyo ningeitanguliza, na ningeirefusha.

Mwaka wa Dodoma una mvua za msimu mmoja tu, za kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na baada yake ni kiangazi kirefu chenye upepo wa Julai na Agosti unaoingiza vumbi hadi ndani ya makabati. Mama wa familia ile aliupitia mwaka huo akiwa na majirani zake. Mvua zilipokuwa zikinyesha aliwafuata wanawake wa mtaa kuchuma mlenda, akaanika majani pamoja nao, akafundishwa kuyatwanga na kuhifadhi unga wake wa kulia kiangazi. Mara ya kwanza alipoupika bila karanga, watoto wake waliutazama wakaomba mkate. Ilipofika Septemba walikuwa wakiumalizia kwa ugali wa uwele, mkono ukiwa umekunjwa vizuri, na mdogo wao akimwamkia kila mzee anayepita kwa "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, pasipo kuhimizwa na mtu. Sijui kama mambo hayo yana nafasi yake katika taarifa ya huduma, lakini mlango wa nyumba ile uliacha kugongwa kwa woga tangu wakati huo.

Kulitokea msiba jirani na kwao, katikati ya kiangazi. Baba alifika na Biblia yake, akiwa ameandaa neno fupi la faraja, kama ambavyo mchungaji yeyote angefanya. Wazee walimpokea kwa heshima, kisha mmoja wao akamwambia kwa upole kwamba neno lipo na litasemwa, ila kwa saa hiyo vijana wamepungua kaburini. Akaenda. Ardhi ya huku ikikauka hulia kama bati unapoipiga sururu, na alirudi jioni viganja vimetoka malengelenge. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mzee yule alifanya hivyo hasa.

Hapo ndipo ninapoona kanisa letu linapaswa kujitazama. Tuna desturi ya kuwaheshimu watumishi kutoka ng'ambo hadi wanakosa pa kukaa: kila ibada kiti cha mbele, kila sherehe soda ya kwanza, na baada ya ibada mmoja wetu anawavuta pembeni kuwaeleza habari za paa lisilokwisha. Heshima ya namna hiyo huwaweka mbali. Bwana Yesu alipowatuma wale sabini (Luka 10) aliwakataza kuchukua mfuko, na akawaagiza wakae katika nyumba iliyowapokea, wakila na kunywa watakachopewa. Aliwatuma wakiwa wahitaji. Mtumishi asiyehitaji chochote kwa wenyeji atatoa mengi, lakini hatakaa nao mezani.

Kisa cha Apolo kinanionyesha jambo hilo kwa upande mwingine. Mtu huyu alitoka Iskanderia, msomi, hodari katika Maandiko, naye alinena kwa ujasiri katika sinagogi la Efeso huku akiujua ubatizo wa Yohana tu. Akila na Prisila hawakumsahihisha mbele za watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Tumezoea kuwaona wamisionari katika nafasi ya Akila na sisi katika nafasi ya Apolo. Mwaka huu mtaani kwetu mambo yaligeuka. Mwalimu wetu, yule baba kutoka Australia, alihubiri akaitaja mvua kama kero ndogo, kitu cha kuvuruga matembezi ya Jumamosi. Mama mmoja mjane hakusema kitu kanisani. Katikati ya juma alimwalika yeye na mkewe, akawapa uji, akawasimulia aliyoyasikia kwa bibi yake kuhusu Mtunya, njaa kuu iliyoikumba Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, wakati majeshi ya vita yalikuwa yamechukua nafaka na ng'ombe, na mvua nazo zikakataa. Watu walikufa kwa maelfu. Tangu siku ile mwalimu huyo akiomba mvua, husimama kwanza akanyamaza kidogo.

Mwaka mmoja ni muda mfupi, na historia yetu wenyewe inalithibitisha hilo. Wamisionari wa kwanza wa CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana kutoka Uingereza, walipita Mpwapwa mwaka 1876 wakielekea Buganda. Dayosisi ya Central Tanganyika iliundwa mwaka 1927, na Askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia. Yohana Omari alipowekwa wakfu mwaka 1955 kuwa askofu msaidizi, Mwafrika wa kwanza wa Tanganyika kupewa uaskofu katika Kanisa la Anglikana, ilikuwa imekwisha kupita miaka 28 tangu dayosisi iundwe. Katikati ya tarehe hizo kulikuwa na nyumba nyingi ambazo hazikuandikwa popote, watu wakila, wakiugua na kujifunza lugha.

Wala tusipambe. Watoto wa nyumba ile wamelia usiku kwa kumkumbuka bibi yao. Krismasi ilipita umeme wa Luku ukiisha katikati ya simu ya kwao, na hakuna aliyecheka. Prisila na Akila nao walihama Korintho wakaenda Efeso, wakarudi Rumi, na barua ya mwisho ya Paulo kwa Timotheo inawasalimu tena wakiwa mbali. Kila walipohama iliwabidi waanze upya. Hata hivyo Paulo anapowataja katika Warumi 16 na katika 1 Wakorintho 16, analitaja pia kanisa lililo nyumbani mwao.

Kwa hiyo ibada ya nyumba kwa nyumba ya Alhamisi hii itakuwa kwa familia hiyo ya Australia, saa kumi na moja jioni, na tutasoma Warumi 16:1–16. Mama amesema atapika mwenyewe, mlenda ukiwamo, na ameomba asiletewe kreti za soda. Vikombe ndivyo vichache, hivyo kila mmoja aje na chake, na wale watakaowahi wamsaidie baba kutoa mabenchi nje.