Mkasi wenye macho

Saa 11 alfajiri. Juni hapa Lubumbashi baridi haina huruma. Ninawasha mbabula, na chai ikichemka ninasokota nyuzi mbili za sufu, nyekundu na nyeusi, kwa ajili ya kipindi. Wanafunzi wangu hawajawahi kumwona C. elegans, mnyoo wa milimita 1 tu. Hadubini tunazo mbili, na moja lenzi yake imepasuka.

Saa 2. Ninaanza na Andrew Fire na Craig Mello. Mwaka 1998 walitangaza kwamba ukimdunga mnyoo RNA (molekuli inayobeba nakala ya maagizo ya jeni) ya nyuzi mbili, jeni linalolingana nayo hunyamaza, yaani haliifanyi kazi yake. Walipolinyamazisha unc-22, jeni la misuli, watoto wa mnyoo wakatoka wakitetemeka. Nobeli waliipata 2006.

Kisha mkasi. Kimeng'enya Daisa huzishika nyuzi mbili na kuzikata vipande vya nukleotidi, yaani herufi za RNA, kama 23. Ninapima sufu kwa njiti ya kiberiti, ninakata, ninapima tena. Hata wa simu wameinua vichwa.

Kijana wa nyuma ananyosha mkono: "Asistanti, mnyoo mzima ana seli za mwili 959. RNA kidogo vile inatosha wapi?"

Swali tamu! Baada ya Daisa huja kimeng'enya kingine, polimerasi inayonakili RNA kutoka kwa RNA. Hushika ujumbe uleule unaowindwa, yaani nakala ya RNA ya jeni linalonyamazishwa, na kuufanya kiolezo cha vipande vipya, vingi. Sisi binadamu Daisa tunayo. Mnakili huyo hatuna.

Saa 7, bukari na sombe, haraka haraka.

Saa 9 ninasahihisha majaribio ya wiki iliyopita. "Daisa huchagua jeni la kunyamazisha." Karatasi ya kwanza, ya pili, ya tisa. Jamani! Daisa hukata tu. Kipande, kikishabebwa na protini Agonoti, ndicho kinachoutafuta ujumbe unaooana nacho. Karibu nikasirike, mpaka nilipofungua silabasi niliyowapa: mkasi niliuchora mwenyewe, na macho mawili makubwa, eti upendeze.

Saa 1 usiku, umeme hakuna. Ninachora upya kando ya mshumaa. Binti yangu ananiegemea begani.

"Papa, mbona unaufuta macho?"

"Hauoni, mama."

"Sasa nani anaona?"

Ninampa penseli nyekundu, achore kipande cha uzi mkononi mwa Agonoti.