Kushusha na Kurudisha Stata ya Hilux ya Dizeli

Pikapu ya dizeli inapogoma kuwaka asubuhi, lawama ya kwanza huiangukia betri na ya pili huiangukia stata, kisha mwenye gari hushusha stata nzima na kuipeleka dukani ili anunue nyingine inayofanana nayo. Naandika kwa sababu naamini wenye magari wengi hupoteza fedha zao hapo. Katika Toyota Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L (hayo ni majina ya injini, si lita), ambazo hadi leo zinabeba mizigo katika barabara nyingi za Tanzania na Kenya, stata inayolaumiwa mara nyingi haijafa: kilichokwisha ni vipande viwili vya shaba vilivyomo ndani yake, ambavyo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya stata nzima. Wakati mwingine hata hivyo vipande ni vizima, na kosa liko kwenye waya.

Nitaeleza kwa kutumia injini ya 5L, kwa kuwa ndiyo ninayoendesha hapa Lushoto. Ina ujazo wa sentimita 2,986 za ujazo na mgandamizo wa takriban 22 kwa 1, yaani hewa ndani ya silinda hubanwa hadi sehemu moja ya 22 ya ujazo wake, na namba hiyo ya pili ndiyo inayoeleza mzigo wa stata. Kabla ya 1912, Cadillac ilipoanza kuuza magari yenye stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, injini za petroli ziliwashwa kwa kuzungushwa kwa hendeli, na hendeli hiyo iliweza kumvunja mtu mkono injini iliporudi nyuma ghafla. Dizeli yenye mgandamizo kama huu si ya kuzungushwa kwa mkono wa mtu. Stata yake ina nguvu ya takriban kilowati 2, na kwa kuwa volti za betri hushuka hadi karibu 10 wakati wa kuwasha, umeme unaopita katika waya wake hufikia ampea 200 au zaidi. Umeme mwingi kiasi hicho hausamehe kutu wala nati iliyolegea, hata kama taa na redio vinafanya kazi vizuri.

Asubuhi za Juni na Julai hapa milimani ni za baridi, oili huwa nzito na betri hupungukiwa nguvu, kwa hiyo stata iliyochoka hujitambulisha miezi hiyo. Wengi wetu huzoea kuegesha gari kwenye mteremko ili liwashwe kwa kuachiwa. Nawasihi wenzangu waache kuifanya njia hiyo kuwa ya kudumu. Katika injini hizi breki husaidiwa na pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa, iliyofungwa nyuma ya altaneta, na pampu hiyo haizunguki mpaka injini izunguke. Gari linaloteremka likiwa limezimika hubakiwa na akiba ndogo tu ya vakyumu. Ikishatumika, kanyagio la breki huwa gumu sana, na usukani wa hidroliki nao huwa mzito. Katika barabara yenye kona na korongo pembeni, hilo ni jambo la kuogopwa.

Sasa tuje kwenye kupima, na hapa naomba msomaji awe na subira, kwa sababu ndipo fedha zinapookolewa. Ufunguo unapozungushwa, umeme mdogo hupita katika waya mwembamba hadi kwenye solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya umeme, iliyo juu ya stata. Solenoidi hufanya mambo mawili kwa pamoja: husukuma gia ndogo ya stata ili ishikane na meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na hukibana kisahani cha shaba juu ya kontakti mbili za shaba ili umeme mkubwa wa betri uingie kwenye mota. Ukielewa hilo, sauti unayoisikia inaanza kuwa na maana. Ikiwa unasikia mlio mmoja mzito, "tak", na taa za mbele zinabaki na mwanga wake, umeme mdogo umefika na solenoidi imevuta, lakini umeme mkubwa haukupita. Mshukiwa wa kwanza ni kontakti, na wa pili ni kaboni za mota, vile vipande vinavyoingiza umeme kwenye sehemu inayozunguka. Ikiwa inalia "tak-tak-tak" kwa haraka na taa zinafifia, betri imeishiwa au terminali zake zimelegea. Ikiwa hakuna mlio wowote, anza na waya mwembamba, relei na swichi ya ufunguo kabla hujaigusa stata.

Masikio pekee hayatoshi, na multimita ya bei ya kawaida inatosha kumaliza ubishi. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.2 imebaki nusu, na inapaswa kuchajiwa kwanza. Mtu mwingine akizungusha ufunguo, volti za betri zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka zaidi ilhali betri imechajiwa, betri yenyewe imechoka au stata imekwama na inameza umeme kuliko kawaida. Kisha gusa ncha moja ya multimita kwenye kichwa cha risasi cha chanya ya betri, si kwenye klempu yake, na ncha nyingine kwenye bolti kubwa ya stata inayopokea waya wa betri, na umwombe mwenzako ajaribu kuwasha. Ukisoma zaidi ya volti 0.5, waya au viungo vyake vinakula umeme njiani. Rudia kati ya kichwa cha hasi ya betri na ganda la stata. Hapo isizidi 0.3. Kipimo hiki cha mwisho hurukwa na watu wengi, na kinafichua waya wa ethi, yaani ule unaounganisha hasi ya betri na injini, uliooza ambao ungeweza kumfanya mtu abadilishe stata mara mbili bila kupata nafuu.

Kuna njia mbili za mkato ambazo sizikubali. Moja ni kuunganisha bolti mbili za solenoidi kwa bisibisi ili injini izunguke. Gari likiwa kwenye gia litaruka mbele, na wapo watu waliobanwa kwa namna hiyo. Nyingine ni kuipiga stata kwa nyundo kila siku. Kipigo chepesi kinaweza kusogeza kaboni au kisahani na gari likawaka, na kwa safari ya kurudi nyumbani ni msaada wa kweli, lakini baada ya hapo stata ifunguliwe.

Vipimo vikishaonyesha kuwa kosa liko ndani ya stata, egesha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono na uweke kabari kwenye matairi. Ikiwa italazimu kuingia chini ya gari, liweke juu ya stendi za chuma. Mawe na matofali hupasuka bila kutoa taarifa. Fungua terminali ya hasi ya betri kabla ya kitu kingine chochote na uisogeze mbali. Sababu ni kwamba waya mnene wa stata unatoka betri moja kwa moja bila fyuzi, na spana ikigusa bolti hiyo na bodi kwa wakati mmoja itayeyuka mkononi mwako.

Stata imefungwa ubavuni mwa injini, pale injini inapokutana na giaboksi. Ondoa kifuniko cha mpira, fungua nati ya waya mnene, kisha bonyeza kilimi cha plastiki cha soketi ya waya mwembamba na uichomoe taratibu, kwa sababu plastiki iliyokaa karibu na joto la injini kwa miaka mingi huwa kavu na hukatika. Baada ya hapo hubaki bolti mbili kubwa zinazoishika stata. Ya chini haina taabu. Ya juu huonekana kwa shida na hufikiwa kwa soketi yenye ekstensheni ndefu na kiungo kinachokunjika; nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu saa kadhaa kabla, na hakikisha soketi imekaa hadi mwisho wa kichwa cha bolti kabla ya kuvuta, maana kichwa kikiviringika mahali hapo kazi ya saa moja inageuka kuwa ya siku nzima. Unapokaribia kumaliza bolti ya mwisho, ishike stata kwa mkono mwingine. Ina kilo kadhaa, na isiachwe ining'inie kwenye waya.

Kabla ya kuishughulikia stata, angalia ndani ya tundu lililobaki kwa tochi. Zungusha injini kwa spana kupitia bolti ya puli ya mbele, gia ikiwa huru, na uyakague meno ya flaiwili duara lote. Injini ya silinda nne hupenda kusimama mahali palepale kila inapozimwa, sehemu mbili zinazotazamana, kwa hiyo meno huliwa zaidi hapo kuliko kwingine. Yakiwa yamelika sana, stata mpya haitatibu mlio wa kusaga unaotokea siku moja na kupotea siku nyingine; giaboksi italazimika kushuka. Angalia pia kama stata imelowa oili. Oili inayovuja kutoka juu ya injini hupenya hadi kwenye kaboni, na ukitengeneza stata bila kuziba uvujaji umejipa kazi ileile kwa mwaka ujao.

Juu ya meza, futa ganda lote kwanza ili uchafu usiingie ndani. Fungua skrubu tatu za kifuniko cha nyuma cha solenoidi na utaiona planja, yaani fimbo inayovutwa na solenoidi, yenye kisahani cha shaba, springi yake, na kontakti mbili zilizokaa pande zote mbili. Stata hizi za Denso zenye gia za kupunguza mwendo zina sifa njema ya kufunguka upande huo bila kuhitaji kuvunja mota. Ukilazimika kufungua upande wa gia pia, fanya hivyo juu ya kitambaa, kwa sababu kuna gololi ya chuma kati ya planja na ekseli ya gia ndogo, na gololi hiyo ikipotea stata haitasukuma gia yake hata kama kila kitu kingine ni kipya.

Mara nyingi utakuta kontakti moja, hasa ile inayopokea waya wa betri, imelika kuliko mwenzake, na kisahani nacho kina shimo la kuungua. Usijiridhishe kwa kuisugua kwa msasa au tupa. Kusugua huko huondoa weusi, lakini huzidi kupunguza unene, na kisahani hakiwezi kufuata kontakti ambayo imeshashuka chini ya mahali pake. Nunua seti ya kontakti pamoja na planja mpya. Zinapatikana Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi, na dukani uende na zile za zamani mkononi kwa kuwa maumbo yanatofautiana kidogo. Shika na upime unene: zile nyembamba zenye rangi ya manjano ya shaba nyeupe (brasi) sizinunui kwa bei yoyote. Unapofunga, zirudishe pete zote za kuhami umeme katika mpangilio wake, kwani bolti inayopokea waya wa betri ikigusa ganda umeme wote wa betri utapita hapo mara tu terminali itakaporudishwa. Kisha sawazisha kontakti zote mbili zilingane kwa urefu kabla ya kukaza. Mimi hubonyeza planja kwa kidole na kutazama kama kisahani kinagusa pande zote mbili kwa pamoja. Kaboni zikaguliwe wakati huohuo, na zikiwa fupi kiasi kwamba springi hazizikandamizi tena, zibadilishwe.

Jaribu stata kabla ya kuirudisha. Ibane kwenye jiliwa, kwa sababu itaruka kwa nguvu, unganisha hasi ya betri kwenye ganda na chanya kwenye bolti kubwa kwa kutumia waya nene, kisha gusisha waya mdogo kutoka chanya hadi kwenye terminali ya solenoidi. Gia ndogo itoke nje na kuzunguka bila mkwaruzo, na irudi ndani papo hapo ukiondoa waya huo. Sekunde chache zinatosha.

Wakati wa kurudisha, sugua uso wa stata na uso wa injini zinapokutana hadi chuma kionekane. Stata haina waya wake wa hasi. Umeme wake hurudi betri kupitia ganda lake, bolti zake na waya wa ethi wa injini, na rangi au kutu kati ya nyuso hizo ni sawa na waya uliokatika nusu. Ingiza bolti zote mbili kwa vidole hadi zishike nyuzi, ndipo uzikaze kwa zamu, ili stata isikae upande. Nati ya waya mnene ikazwe vizuri bila kupita kiasi, kwani bolti yake ikizunguka ndani itavunja pete za kuhami ulizozipanga. Pitisha waya mbali na bomba la ekzosi, rudisha kifuniko cha mpira na bamba la kukinga joto kama lilikuwepo, na uirudishe terminali ya hasi mwisho kabisa.

Washa injini huku mwenzako akiwa karibu na betri na spana mkononi. Ikiwa baada ya kuachia ufunguo bado unasikia stata ikivuma, zima injini, na ikiendelea kuzunguka afungue hasi ya betri mara moja, kwa sababu kisahani kimenasa na waya utaanza kuungua. Ikiwa imetulia, rudia kuwasha injini ikiwa na joto, kisha pima tena zile volti za pande mbili ulizopima mwanzoni na uziandike mahali ambapo utaziona siku gari litakapogoma tena.