Namna nilivyoifufua Peugeot 404 ya baba mkubwa

Baba mkubwa aliponiachia Peugeot 404 yake, gari lilikuwa limekaa miaka 19 chini ya mwembe katika ua wake wa Kamalondo bila kuwashwa hata mara moja. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma, na vumbi jekundu la Lubumbashi lilikuwa limejaa kila pembe ambayo mvua haikuifikia. Karatasi zake zilionyesha kwamba ni la mwaka 1966, mwaka uleule ambao mji wetu uliacha kuitwa Elisabethville. Mimi ni mwalimu wa hesabu, wala si fundi. Mali yangu katika kazi hii ilikuwa sanduku la spana, kitabu cha ukarabati cha Kifaransa ambacho kurasa zake za mwisho zilikuwa zimeliwa na mchwa, na siku za Jumamosi.

Karibu kila aliyeingia uani alinishauri niliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nilikataa, kwa sababu za ukoo na kwa sababu nyingine: 404, ambayo Peugeot ilianza kuiuza mwaka 1960 ikiwa na umbo lililochorwa na Pininfarina, ni gari lililoundwa kwa namna ambayo mtu mwenye subira anaweza kulielewa. Tena ni gari la barabara mbovu. Lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na sidhani kama barabara za huko wakati ule zilikuwa bora kuliko zetu za leo.

Kosa langu la kwanza nilitaka kulifanya siku ya kwanza kabisa. Nilikuwa nimeazima betri, nikitaka kupiga stata nione kama moteri itaitika. Jirani yetu, mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi katika karakana za migodi, alisimama kwenye lango akanitazama, kisha akasema, “Mwalimu, usilazimishe kitu ambacho hujui kama kinazunguka.” Tulifungua buji zote nne, yaani plagi za kuwashia, ambazo katika moteri hii zimefichwa ndani ya mashimo marefu, tukamimina katika kila silinda mchanganyiko wa mazutu (dizeli) na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, tukafunika kwa vitambaa na kuacha kwa siku tisa. Siku ya kumi nilichomeka manivela, mpini wa kuzungushia moteri, kupitia tundu la mbele, nikaisukuma kwa uzito wa mwili bila kuipiga kwa nyundo. Ilisogea upana wa kidole, ikagoma, nikairudisha nyuma, nikaisukuma tena. Baada ya nusu saa ya kwenda na kurudi, maji ya rangi ya kahawa yaliruka kutoka silinda ya tatu yakanipata usoni, na moteri ikazunguka mzunguko mzima.

Valvu mbili zilikuwa zimenasa, hivyo ilibidi kulasi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, ifunguliwe. Hapa nina onyo kwa yeyote mwenye gari la aina hii. Silinda za 404 hazikutobolewa ndani ya bloku. Ni mirija ya chuma inayopachikwa, ambayo sisi huiita chemise, na maji ya rejeta huizunguka kwa nje. Ukishaondoa kulasi, hakuna tena kinachoikandamiza. Ukizungusha manivela wakati huo, pistoni inaweza kuinua chemise, kizibo cha chini kikaachia, na baadaye maji yakaingia katika mafuta ya moteri bila wewe kujua yametoka wapi. Tuliibana kwa boliti na washa pana kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Kusugua valvu, kurudisha kulasi, kusafisha delko inayogawa umeme kwa buji na kurekebisha platini zake hadi mwanya wa milimita 0.4 kulichukua Jumamosi sita, na sina mengi ya kusema juu yake, kwa kuwa kitabu kilieleza vizuri na mimi nilitii.

Tangi la esanse (petroli) lilikuwa na kutu iliyobanduka kama maganda ya kitunguu. Nilitia kokoto na siki, nikalitikisa kila jioni kwa wiki nzima pamoja na watoto wa dada yangu, ambao walidhani ni mchezo, halafu nikalisuuza na kulikausha kwa jua. Fundi mmoja alijitolea kuziba kitundu chake kwa kuchomelea. Nilimkatalia, kwani tangi lililowahi kubeba esanse hubaki na mvuke hata likionekana kavu, na nilipendelea kuziba kwa gundi ya chuma kuliko kumzika mtu.

Breki zilinifedhehesha. Gari lina breki za ngoma katika magurudumu yote manne, na silinda ndogo za ndani zilikuwa zimekwama kwa kutu. Nilizifungua, nikazing'arisha, na kwa bidii ya mtu anayejiona ameiva, nikaziosha kwa esanse pamoja na vikombe vipya vya mpira vilivyonigharimu safari mbili za Likasi. Nilizifunga jioni zikiwa laini kabisa. Asubuhi pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, na gurudumu la mbele la kushoto halikuzunguka hata kwa mikono miwili. Nilipofungua tena, mpira ulikuwa umevimba, ukinata kwenye ukuta wa silinda kama ubuyu uliotafunwa. Esanse na mafuta ya aina hiyo huvimbisha mipira ya breki; sehemu hizo huoshwa kwa spiriti au kwa mafuta yenyewe ya breki, basi. Nilinunua vikombe vingine. Mke wangu, ambaye alikuwa ameshaniuliza mara moja bei ya vile vya kwanza, safari hii hakuuliza, na kunyamaza kwake kulinikera zaidi.

Lakini jambo ambalo lingeliua gari hili kimyakimya ni difu, yaani gia zinazopeleka nguvu ya moteri kwenye magurudumu ya nyuma. Nilikuwa nimelala chini ya gari, kizibo kimefunguliwa, mafuta ya zamani yakishuka mazito kama asali, na mkononi nina mkebe wa mafuta ya difu ya kawaida, yale ambayo muuza vipuri yeyote hapa mjini atakupa bila kukuuliza swali. Mzee alikuwa amekuja kuchukua jeki yake. Aliinama, akasoma mkebe, akaniambia niuweke chini.

Difu ya magari mengi ni gia mbili za chuma. Ya 404 ni skrubu nene ya chuma inayosukuma meno ya gurudumu la shaba iliyochanganywa na bati, na meno hayo husuguana muda wote kwa mtelezo badala ya kubingirika. Mafuta mengi ya difu ya siku hizi hutiwa viungo vya salfa ili kulinda chuma kinapobanwa sana, na kadiri joto linavyopanda, salfa hiyo huweza kuila shaba. Mtu wa Katanga, eneo letu la migodi ya shaba, hapaswi kuelezwa mara mbili kwamba shaba na salfa haziachani salama. Ndiyo maana kiwanda kiliagiza mafuta yenye asili ya mbarika, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakinidondokea shingoni. Giaboksi nayo ina desturi yake: hutumia mafuta ya moteri, wala si mafuta mazito ya giaboksi.

Niliyapata wapi mafuta yasiyo na salfa kali? Nilizunguka kwa wauza vipuri wiki tatu, nikijibiwa kwamba mafuta ni mafuta. Mzee ndiye aliyekumbuka kwamba mikanda inayobeba mawe migodini huendeshwa na giaboksi zenye skrubu na gurudumu la shaba vilevile. Katika duka la vifaa vya migodi nilieleza ninachotaka, na kijana wa kaunta, bila kushangaa hata kidogo, akaniuliza ninataka lita ngapi. Kwa kuwa mafuta ya mbarika hayachanganyiki vizuri na yale yanayotokana na mafuta ghafi, niliinua magurudumu ya nyuma, nikaingiza mafuta mepesi, nikazungusha magurudumu kwa mkono na kuyamwaga mafuta, mara tatu, mpaka yakatoka yakiwa na rangi niliyoyaingizia.

Moteri iliwaka mwezi wa nane, kabla ya mvua. Buji zilianza kutoka nyeusi, kwa sababu jikleri za kabureta, vitundu vinavyopima esanse, nilizoletewa na ndugu kutoka Ubelgiji zilikuwa za nchi ya chini, nasi tuko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi ambako hewa ni nyepesi. Niliweka ndogo kidogo na rangi ikarudi kuwa ya udongo. Rangi ya bodi nilimwachia fundi, na haikunivutia kusimama kumtazama.

Safari ya kwanza ya maana ilikuwa ya kwenda Kipushi. Nilipotimiza kilomita 500 nilifungua kizibo cha difu, nikachota kijiko cha mafuta na kukimimina katika sahani nyeupe, nikaenda nayo kwa mzee. Aliitega juani, akaizungusha polepole akitafuta vumbi la shaba. Aliona chembe tatu. “Hizo ni za uzee wake,” akasema, “niletee tena kwenye 1,000.” Nililipeleka kwenye 1,000, na safari hii hakuona hata moja. Honi bado hailii.