Mbwa 19 wa shangazi: tulivyolimaliza suala bila sumu wala mahakama

Shangazi yangu aliuza dagaa katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, miaka mingi, na mbwa wake wa kwanza aliletwa kulinda mzigo. Mume alipofariki na watoto kutawanyika, mbwa wakabaki ndio watu wake wa nyumbani. Kila kitoto cha mbwa kilichotupwa jalalani kiliishia kwake. Hadi mwenyekiti wa mtaa ananiita, kiwanja chake kule mlimani kwenye mawe kilikuwa na mbwa 19, na paka waliolala hadi juu ya bati.

Kikao kilikuwa cha moto. Harufu, kelele za usiku, na kubwa kuliko yote, mtoto wa jirani alikuwa ameumwa na mbwa. Kijana mmoja akasema bila kupepesa macho kwamba dawa ni nyama yenye sumu kidogo, asubuhi kazi imekwisha. Wengine wakaitikia kwa vichwa.

Bahati nzuri bwana mifugo wa kata alikuwepo. Alituambia mtoto akiumwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali kwa sindano za kichaa cha mbwa. Mama yake alikwisha kufanya hivyo. Halafu mbwa mwenyewe afungwe na aangaliwe siku 10, maana mbwa mwenye kichaa anayeweza kuambukiza hawezi kuzimaliza siku hizo akiwa mzima. Ukimpa sumu na kumzika, umezika na jibu. Baada ya hapo habari ya sumu haikurudi.

Swali lililobaki ni lile ambalo kila mtu aliuliza: sheria inaruhusu mbwa wangapi? Tulitaka namba, tumpige nayo shangazi au tumwokoe nayo. Mtendaji hakuwa na namba. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haianzi na hesabu ya mbwa. Inaangalia unavyowatunza: wanakula, wanakunywa, wana pa kulala, wanatibiwa, hawaishi kwa hofu na mateso. Uchafu unaoathiri majirani unaingia kwenye Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, na hapo bwana afya ana sauti. Masharti mengine ya ufugaji mjini yako kwenye sheria ndogo ambazo halmashauri hutunga chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288. Hizo hutofautiana, kwa hiyo omba uone za halmashauri yako, usikubali kusimuliwa.

Nilipekua pia wenzetu wanafanyaje. Marekani, jimbo la Illinois liliingiza maana ya mlundikaji wa wanyama, yaani anayefuga wengi kuliko anavyoweza kuwatunza, katika sheria yake mwaka 2001. Hawaii, mwaka 2008, ilitaja namba, zaidi ya mbwa au paka 15, lakini hata huko namba peke yake haikutosha kukutia hatiani: lazima pia uwe umeshindwa kuwapa mahitaji yao. Nikaona bwana mifugo wetu hakuwa mbali nao.

Basi tukaacha kuhesabu, tukaanza na chanjo. Wote walichanjwa kichaa cha mbwa, hata vikongwe. Kisha majike. Jike hubeba mimba kama miezi miwili na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo ukigawa mbwa na kuacha majike vile vile, unafagia mchanga wa ufukweni. Kufunga kizazi kuna gharama, na gharama hiyo tulichangishana sisi watoto wa ukoo. Mjomba mmoja alilalamika kwamba hata yeye hajawahi kulipiwa daktari. Akatoa hata hivyo.

Kazi ngumu ilikuwa shangazi mwenyewe.

"Ukiwachukua hawa, na mimi nichukue," aliniambia.

"Shangazi, sichukui. Wewe ndiye utakayechagua wa kubaki."

Alinyamaza hadi jioni, halafu akaanza kutaja majina. Nadhani hilo ndilo lililofanya mambo yaende. Angekuja mgambo na gari, angelia mwezi mmoja, kisha angeanza upya na vitoto vingine vya jalalani. Alichagua sita, wengi wao wazee ambao hakuna angewataka. Wenye nguvu walikwenda kwa wafugaji wa Misungwi na Magu, na wawili wako kwenye yadi ya mbao. Kila aliyechukua alipewa kadi ya chanjo na kuambiwa irudiwe kila mwaka.

Makubaliano tuliyaandika ofisini kwa mtendaji: mbwa kufungwa mchana, kinyesi kuzolewa kila asubuhi, chakula kupikwa (pumba na dagaa wa mchanga, harufu yake ni kesi nyingine), na asiongeze mbwa bila kumwambia bwana mifugo. Majirani wawili walisaini kama mashahidi, akiwemo mama wa yule mtoto.

Paka bado. Kumkamata paka katikati ya mawe ya Mwanza si kazi ya kusimulia, na jirani wa chini kesha sema anawataka wabaki kwa sababu ya panya. Tumeanza na majike wanaokubali kushikwa.