Nilivyopandisha Prado yangu mara mbili

Nina Prado ile ya zamani, wengi wanaiita 95, niliinunua mkononi kwa mtu na ndo gari yangu ya kila siku. Naishi Isyesye hapa Mbeya, kazini Mwanjelwa, Jumamosi naenda Mwakaleli huko Rungwe shamba kufata viazi na ndizi. Yaani siku tano niko kwenye lami na foleni ya Mafiati, siku moja tu ndo natambaa kwenye tope. Hiyo hesabu ya tano kwa moja ningeipiga mapema nisingelipa mafundi mara mbili.

Kilichonisumbua ni tumbo la gari kukwaruza. Njia ya kuingia shamba malori ya ndizi yamechimba mifereji miwili, katikati pamebaki kama mgongo wa ng'ombe, mvua za Rungwe unazijua mwenyewe hazina likizo, basi kila nikipita gari inakaa pale juu ya udongo tairi zinazunguka hewani na vijana wanakuja na majembe wanacheka. Nikawa naona jamaa mjini wana gari zimenyanyuliwa inchi 4 zimekaa kibabe, na mimi nikataka inchi 4. Sikuuliza kitu kingine.

Gereji ya kwanza (jina silitaji) fundi akaniambia bosi springi mpya za nini, weka spesa, nusu siku unaondoka. Spesa ni kipande tu cha chuma, mbele kinakaa juu ya shokapu na nyuma juu ya springi. Sasa nilichokuja kujua baadae, mbele kwenye hizi gari shokapu haijashika mwisho kabisa wa mkono wa chini, ule chuma unaobeba gurudumu, imeshika katikati huko, kwahiyo spesa ya inchi 1 inakupa karibu inchi 2 pale kwenye gurudumu. Yeye akaweka za inchi 2. Gari ikatoka pale imesimama kama imevaa mchuchumio, nikapiga picha.

Shida ilianza mteremko wa Iwambi, na ule mteremko mtu wa Mbeya yeyote anauheshimu. Nakata kona, nalegeza mkono, usukani haurudi wenyewe, unabaki umelala upande uleule mpaka uuvute, nyuma yangu kuna lori la Tunduma linapumua. Nilishika usukani kwa mikono miwili mpaka Mbalizi. Afu baada ya wiki kama tatu nikaanza kusikia ka-ka-ka-ka nikikunja kulia, kuchungulia ndani ya rimu grisi imetapakaa kila mahali, mpira wa sivi jointi, kile kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu la mbele huku linakunja, umechanika. Ya kwangu ni ile inayovuta miguu yote minne muda wote, hakuna kusema mbele inapumzika kwenye lami, kwahiyo hizo sivi jointi zilikuwa zinazunguka zimepinda asubuhi mpaka jioni.

Na mama yangu. Nilimpeleka hospitali siku moja, akasimama mlangoni akaangalia siti, akaniangalia, akasema "Baba, hii gari umeipandisha jukwaani mimi napandaje?" Ikabidi nitembee na kigoda kwenye buti.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja Uyole, fundi wa siku nyingi. Hakufungua hata boneti. Akang'oa zile spesa zote kwanza, akasukuma gari mbele na nyuma ikae vizuri, akatoa futi kamba akapima toka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, miguu yote minne. Nikamwambia mzee si upime toka chini tu, akasema upepo wa tairi utakudanganya. Nyuma kulia ilikuwa chini ya kushoto kwa sentimita 2. "Kijana wangu, gari yako haikuwa fupi. Ilikuwa imelala." Springi zilikuwa zimechoka, pengine ndo zilezile ilizotoka nazo Japani.

Afu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza, unabeba nini na mara ngapi. Nikamwambia lumbesa mbili za viazi, yale magunia ya kujazwa mpaka juu, mikungu kadhaa na watu watatu, mara moja kwa wiki. Akasema hizi springi zinachaguliwa kwa uzito wa mzigo unaobeba, kuna za gari inayotembea tupu, kuna za mzigo wa kati, kuna za mzigo mzito wa kudumu kama una tanki na keria imejaa muda wote. Mi roho ilikuwa kwenye zile nzito. Akakataa, akasema Jumatatu mpaka Ijumaa utakuwa unarukaruka kama mwanambuzi. Tukachukua za kati, za kunyanyua inchi 2, na shokapu mpya ndefu kidogo za kuendana nazo, na bushi za nyuma, zile raba za kwenye maungio, akabadili zote mana zilikuwa kama ubuyu. Hela ilitoka, sisemi uongo, spesa ni chai ukilinganisha.

Kutoka hapo moja kwa moja alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu. Ukinyanyua mbele pembe za magurudumu zinahama, ndo maana usukani ulikuwa haurudi, na kwa inchi 2 bado zinarekebishika kwa bolti zilezile za gari, kwa inchi 4 nilizokuwa nazo zilikuwa zimegoma kabisa. Taa nazo tukazishusha, mana nilikuwa nawapofusha watu kwenye ukungu.

Kitu kingine ambacho kilinishangaza, ile pumbu ya difu ya nyuma, lile duara la chuma linaloning'inia katikati ya magurudumu ya nyuma, haijapanda hata nukta. Springi inanyanyua bodi, difu iko kwenye ekseli na ekseli imebebwa na tairi. Kwahiyo tairi zilipoisha nikatoka saizi ya 265/70 nikaweka 265/75 za rimu 16, upana uleule ila ndefu kidogo kwenda juu, kipenyo kimeongezeka kama milimita 26, difu imepata nusu yake, 13. Kidogo, ila jiwe moja pale darajani silisikii tena. Mshale wa spidi sasa ukisoma 80 ujue unaenda kama 83 kwa hesabu ya zamani, tochi za trafiki za kupima spidi hazijui umebadili tairi.

Ule mgongo wa ng'ombe napita, siku moja moja naukwangua, ila sijakwama masika yote. Kimebaki kile chuma cha nyuma kinachoshika ekseli isiende kushoto na kulia, gari ikipanda kinaivuta ekseli upande, ukisimama nyuma ukaangalia kwa makini unaona tairi moja imetokeza zaidi kwa milimita chache. Mzee anasema kipo cha kurekebishika urefu, nasubiri mwisho wa mwezi. Kigoda bado kiko kwenye buti, mama amegoma nikitoe.