"Drawing" ni mchoro, ni uchoraji, au ni kuvuta waya?

Ukitafsiri nyaraka za kiufundi kutoka Kiingereza kwenda Kiukreni, hutachelewa kukwama kwenye maneno ya "-ing". Chukua "drawing". Mezani kwa fundi ni mchoro, kwenye ratiba ya kazi ni uchoraji, na kwenye kiwanda cha nyaya ni kuvuta chuma kipite tundu jembamba. Sisi wa Kiswahili tofauti ya mchoro na uchoraji tunaisikia bila kuambiwa. Kiukreni nacho kinayo: kreslennia ni kazi ya kuchora, na kiwango cha taifa DSTU 3321:2003 kinauita mchoro wenyewe kreslenyk. Viwandani wengi bado hutumia kreslennia kwa vyote viwili, kwa hiyo muulize mteja kabla hujaanza. Kuvuta waya ni volochinnia. "Coating" vilevile: upakaji unaoendelea ni pokryvannia, tabaka lililokwisha kukauka ni pokryttia. Safu ya unene kwenye jedwali la ukaguzi inahitaji hilo la pili.

Lakini linaloumiza zaidi ni "valve", yaani vali, kifaa cha kufungua na kufunga njia ya maji au gesi kwenye bomba. Kiukreni hutaja kifaa chenyewe. Yenye lango la kupanda na kushuka ni zasuvka. Yenye tufe lililotobolewa ni kulovyi kran. Yenye sahani inayogeuka ni dyskovyi zatvor. Ya kuzuia maji yasirudi ni zvorotnyi klapan. Ukijaza klapan kila mahali, stoo itatoa kifaa kingine na fundi atagundua bomba likiwa limeshafunguliwa. Ukikuta "valve" peke yake, usikisie. Fungua mchoro wa mabomba, tazama alama, kisha linganisha na namba ya kipuri.

"Cutting tool", zana ya kukatia, ni rizalnyi instrument. Rizhuchyi, utakayoikuta kwenye tafsiri nyingi, imenakiliwa kutoka Kirusi. Kusahihisha neno kama hilo si uchaguzi wa mtindo tu: miaka ya 1930 istilahi za Kiukreni zilisukumwa kwa makusudi zifanane na za Kirusi, na hata herufi ґ ilifutwa mwaka 1933, ikarudi 1990.

Halafu koma. Kwenye Kiingereza 1,500 N·m (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza bolti) ni elfu moja na mia tano. Kwenye Kiukreni koma hutenga desimali, hivyo ukiiacha ilivyo, bolti itakazwa kwa moja na nusu. Andika 1500 Н·м. Na kabla ya kukabidhi kazi, tafuta kila koma iliyo katikati ya tarakimu, uikague moja moja kwa macho.